Shajara ya mradi: mfumo wa maziwa Rungwe, Januari hadi Agosti 2025

11 Januari: pa kuanzia

Natengeneza mifumo peke yangu hapa Mbeya mjini, bila kampuni wala mwajiri. Shajara hii ni ya wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wanaojua kuandika programu lakini wanaamini soko lote liko Dar. Kila hatua ikiisha nitaandika kilichofanyika, kilichogoma na kilichogharimu. Anayetaka kuiga na aige.

Biashara ya tovuti nimeiacha. Kila mwaka vyuo vinatoa vijana wapya wanaoweza kutengeneza tovuti, bei imeshuka hadi 150,000, na mwenye duka la Mwanjelwa akishalipa mara moja hana sababu ya kukulipa tena. Naitafuta kazi ambayo mteja anaihitaji kila siku na malipo yake yanakuja kila mwezi.

Njia niliyoitumia ni kuzunguka nikiangalia madaftari. Ukimuuliza mtu anahitaji programu gani, atakujibu chochote. Mwombe akuonyeshe daftari linalomnyima usingizi, utaelewa biashara yake kabla chai haijapoa. Kahawa ya Mbozi niliipenda sana, ila vyama vya msingi tayari vina MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mbolea ya ruzuku nayo ina mfumo wa TFRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na duka la pembejeo linabakiwa na daftari la madeni ambalo mwenyewe hapendi mgeni alifunue. Kushindana na mfumo wa serikali ni kujichosha. Mtu mmoja anapata nafasi pale mfumo wa serikali unapoishia na kalamu inapoanza.

Nimeipata sehemu hiyo Rungwe, kwenye maziwa. Kuna kikundi cha wafugaji karibu na Tukuyu, wanachama 180 hivi na vituo viwili vya kukusanyia. Asubuhi mfugaji anafika na kidumu chake, maziwa yanajaribiwa kwa laktomita (kifaa cha kupima uzito wa maziwa) na kwa spiriti, kiasi kinapimwa, kinaandikwa kwenye kadi ya mfugaji na kwenye daftari la kituo. Mwisho wa mwezi katibu anajumlisha ukurasa kwa ukurasa, anaondoa makato ya pumba, dawa na uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mrija), kisha anaandaa orodha ya malipo. Inamla karibu wiki nzima. Halafu siku ya kulipa kadi inasema hivi na daftari linasema vingine, na mama wa watu aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua anarudi nyumbani akiamini kaibiwa. Kwa ajili ya huyo mama naona kazi hii inastahili kufanywa vizuri.

1 Februari: makubaliano na karatasi

Jina la biashara nimesajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, 20,000. TIN, namba ya mlipakodi, haina gharama. Fanyeni hivi mapema, kwa sababu kikundi kilichosajiliwa hakiwezi kulipa mtu asiye na karatasi, na kazi nyingi nzuri zinapotea hapo.

Bei ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilianza na 1,500,000 za kutengeneza mfumo mara moja. Kamati ikakataa, tena kwa haki: wao wanapata fedha kila mwezi, hawana fungu la kutoa kwa mkupuo. Nikapendekeza 80,000 kila mwezi. Mweka hazina akauliza swali zuri: kiangazi maziwa yakipungua nusu, hizo 80,000 zitatoka wapi?

Tulikoishia ni hapa. Ada ya kufunga mfumo 600,000, nusu mwanzo na nusu vituo vyote viwili vikianza kuutumia. Baada ya hapo shilingi 3 kwa kila lita inayopokelewa, lakini kwa mwezi isishuke chini ya 60,000. Msimu wa mvua, kwa lita 1,000 kwa siku, hiyo ni 90,000 kwa mwezi. Maziwa yakishuka hadi lita 600 ingekuwa 54,000, ndipo kile kiwango cha chini kinanilinda. Gharama ya meseji wanalipa wao kama ilivyo, siongezi kitu.

Katibu ni mama mtu mzima aliyeshika daftari hilo kwa miaka mingi. Kabla ya kusaini alinigeukia.

"Mwanangu, nyie vijana mnahamahama. Ukienda Dar kesho, mfumo tutabaki nao vipi?"

"Mama, kila Ijumaa utapata nakala ya kumbukumbu zote kwenye Excel, iwe yako. Na nywila zote nitaziandika, nizifunge kwenye bahasha, ukae nayo wewe."

"Basi andika hayo kwenye mkataba."

Nimeandika. Swali lake kila mtengeneza mifumo wa kujitegemea ataulizwa, na asiyekuwa na jibu hapewi kazi, hata awe fundi namna gani.

Awamu ya kwanza ya 300,000 imeingia ikiwa 285,000. Ile 15,000 ni kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma, ambayo anayekulipa anaikata kabla. Daini hati yake na uitunze, maana makato hayo yanahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

22 Februari: toleo la kwanza

Kwa kifupi: programu ya Android inayofanya kazi bila intaneti, kumbukumbu zinakaa kwenye simu ndani ya SQLite (hifadhidata ndogo), mtandao ukipatikana zinakwenda kwenye seva, yaani kompyuta kuu iliyo mtandaoni. Seva ndogo ya kukodi ni kama 16,000 kwa mwezi. Jina la kikoa, yaani anwani ya mtandaoni, la .co.tz limenigharimu 30,000. Simu mbili za bei nafuu 360,000. Nimezinunua mimi na zinabaki mali yangu, ili nisiletewe simu ya mtu iliyojaa video nikaambiwa mfumo ndio mzito.

Google Play, duka la programu la Google, sijapitia. Akaunti binafsi ni dola 25, na zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 zinadaiwa kwanza majaribio ya wiki mbili mfululizo na watu wasiopungua 12. Kwa simu mbili haina maana. Programu nimeiweka kwa mkono.

8 Machi: kituo cha kwanza

Asubuhi ya kwanza foleni ilikuwa ndefu hadi barabarani, na mvua ya Tukuyu inanyesha. Dada anayepokea maziwa alitakiwa kuandika herufi za mwanzo za jina la ukoo, orodha ijichuje. Akaandika "Mwa". Orodha haikujichuja. Majina mengi ya ukoo huku yanaanza na Mwa-, akashuka na kidole kwenye majina zaidi ya mia huku matone yanadondoka kwenye kioo na simu inajigusa yenyewe. Baada ya wafugaji kama kumi akaiweka simu pembeni na kurudi kwenye daftari. Alifanya sawa, maziwa hayasubiri.

Nilichobadilisha jioni ile: anaandika namba ya kadi tu, kwa vitufe vikubwa vya tarakimu vinavyojaza nusu ya kioo. Jina linatokea juu kwa maandishi makubwa, analisoma kwa sauti, mfugaji anaitikia. Kama kadi imesahaulika, anatafuta kwa jina la kwanza. Kioo kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki mwembamba wa kuweka vitafunio. Toleo hilo limepokelewa kesho yake, na foleni ilikwenda kwa mwendo uleule wa daftari. Sikuhitaji iwe haraka zaidi. Ikiwa polepole zaidi tu, ingekuwa imekufa.

Kadi za karatasi zimebaki. Mfugaji anataka kuona wino.

29 Machi: tarehe, marudio na betri

Matatizo matatu ya kifundi, yote yatakukuta.

Simu ikizimika kabisa kwa kukosa chaji, na huku umeme unakatika, inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Maziwa ya asubuhi moja yaliandikwa chini ya mwaka 2010 na yakatoweka kwenye ripoti ya mwezi. Sasa programu inakataa tarehe iliyo nyuma ya kumbukumbu ya mwisho, inamwambia mpokeaji arekebishe saa, na seva inalinganisha saa yake na ya simu kila zinapokutana.

Pili, mtandao ukikatika katikati ya kutuma, simu haijui kama seva imepokea, inatuma tena, na mfugaji anaandikiwa lita zake mara mbili. Dawa yake ni ya zamani na inatosha: kila kumbukumbu inapewa namba yake ya kipekee palepale kwenye simu, na seva ikiona namba inayoifahamu inaipuuza. Ukianza mradi wa aina hii, anza na hilo kabla ya kuchora skrini hata moja.

Tatu, simu za bei nafuu zinaua programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri. Nimeacha kupambana nazo. Kuna kitufe kikubwa cha TUMA, na pembeni yake idadi ya kumbukumbu ambazo hazijaenda. Dada akifunga kituo anabonyeza hadi asome sifuri.

Jambo la kuangalia kwa wanaoandika mikataba: kanuni zilizotoka mwezi huu zinakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni. Seva utalipa kwa dola, lakini mteja wako mwandikie shilingi, na hatari ya dola kupanda iweke ndani ya bei yako.

19 Aprili: kilo na lita

Hii ndiyo sehemu niliyotaka wengine waisome kwa makini.

Kituo cha pili kilipoanza, ripoti ilionyesha upungufu wa kila siku. Maziwa yaliyoandikwa kituoni yalizidi yale ambayo mnunuzi alikiri kupokea, na tofauti ilikuwa karibu ileile kila siku. Kamati ilinieleza kwamba wanaijua. Wanaiita upotevu, na kwa miaka mingi lawama zimekwenda kwa dereva.

Upotevu unaofanana kila siku hauji kwa kumwagika. Nikaenda kukaa kituoni asubuhi nzima nikitazama. Kituo cha kwanza wanapima kwa ndoo yenye alama za lita. Kituo cha pili wana mizani ya kuning'iniza. Mfugaji anafika, ndoo inatundikwa, mshale unasimama kwenye 10, mpokeaji anasema "kumi" na anaandika 10 kwenye safu iliyoandikwa LITA.

Maziwa ni mazito kuliko maji. Laktomita ikisoma 30, maana yake lita moja ina uzito wa kilo 1.03. Kilo 10 za maziwa ni lita 9.7. Kituo kile kinapokea kilo 600 hivi kwa siku, ambazo ni lita 582.5. Mnunuzi analipa lita, kwa hiyo kikundi kilikuwa kinawalipa wafugaji lita 17.5 ambazo hazipo, kila siku. Kwa bei ya 1,000 kwa lita ni 17,500 kwa siku, yaani 525,000 kwa mwezi wa siku 30. Fedha hiyo ilikuwa inachotwa kwenye akiba ya dawa na pumba, bila mtu yeyote kuiba.

Kurekebisha kwenye programu ni mstari mmoja wa msimbo. Kurekebisha kwa watu ni kazi nyingine. Mfugaji wa kituo cha pili akiambiwa kwamba ndoo yake ya 10 sasa ni 9.7, anachosikia ni kwamba simu imekuja kumpunja. Niliomba kamati isiwashe badiliko hilo kimyakimya hata kwa siku moja. Wakaitisha mkutano. Tulileta ndoo yenye alama, mizani na maziwa, mzee mmoja wa baraza akapima mwenyewe mbele ya wote: lita 10 kamili zikavuta mshale hadi kilo 10 na robo hivi. Aliipima tena. Wakanyamaza, halafu wakaanza kubishana kuhusu dereva, kama anastahili kuombwa radhi. Aliombwa, palepale mkutanoni.

Uamuzi wao: kituo cha pili kitanunua kwa kilo, kilo moja shilingi 970, na skrini pamoja na ripoti zionyeshe kilo na lita pamoja. Wapo walionung'unika, kwa sababu kipato kimeshuka kidogo kweli. Kamati imeahidi kwamba bei ya pumba ya kikundi haitapanda mwaka huu, kwa kuwa akiba haivuji tena. Ahadi hiyo nimeomba iandikwe kwenye muhtasari.

Kwa upande wa biashara: tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena shilingi 3 kwa lita ni za nini.

10 Mei: meseji za gharama maradufu

Mvua bado, maziwa mengi, na vituo vyote viwili viko kwenye mfumo. Awamu ya pili imelipwa, 285,000 baada ya zuio. Mfumo umeanza kuwatumia wafugaji meseji kila siku. Salio la 100,000 nililoweka kwa majaribio lilikauka nusu ya muda niliokadiria.

Kwa mtoa huduma wangu meseji moja ni shilingi 20. Wafugaji 180 ni 3,600 kwa siku. Salio lilikuwa linashuka 7,200. Meseji yenyewe ilikuwa hii:

"Ndugu mfugaji, leo asubuhi umeleta lita 8.7. Jumla ya mwezi lita 214.3. Makato ya pumba 12,000. Asante kwa kutunza ng’ombe wako."

Ni herufi 128, na meseji moja ya kawaida inabeba 160. Tatizo lilikuwa kwenye kile kialama cha juu katika ng’ombe. Niliandika maneno hayo kwenye programu ya kuandikia barua, nayo ikakipinda kialama. Kialama kilichonyooka kimo kwenye herufi za kawaida za meseji, kilichopinda hakimo. Herufi moja tu ya nje ikiingia, meseji nzima inabadilishwa mfumo wa herufi na uwezo wake unashuka hadi 70, kwa hiyo 128 zikawa meseji mbili. Lugha yetu ina ng'ombe, ng'ambo, kung'oa; kila anayetuma meseji za Kiswahili kwa wingi akague hilo. Nimeweka kichujio kinachonyoosha vialama vyote kabla ya kutuma, na programu inakataa ujumbe unaozidi meseji moja.

Hata hivyo 108,000 kwa mwezi ni nyingi kwa kikundi hiki. Tumehamia meseji ya kila Jumamosi na ya siku ya malipo. Kila siku wana kadi yao.

14 Juni: malipo kwa simu

Hadi sasa katibu alikuwa analipa fedha taslimu, akisafiri na mfuko wa hela kutoka benki. Kamati imetaka malipo yaende kwenye simu. Mimi sigusi fedha yao: mfumo unatoa faili la orodha, mweka hazina analipandisha kwenye akaunti ya kikundi ya kulipa watu wengi kwa mpigo, watu wawili wanaidhinisha. Nashauri mbaki nje ya fedha kama mimi.

Faili la kwanza lilirudishwa karibu lote. Katibu alilifungua kwenye Excel kukagua, Excel ikaifuta sifuri ya mwanzo ya kila namba ya simu. Sasa mfumo unatoa namba zikianza na 255, na anakagua kwenye ukurasa wa mfumo, hafungui faili.

La pili: nilikuwa natambua mtandao wa mtu kwa tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo tarakimu hizo hazithibitishi kitu. Tumeuliza kila mfugaji mtandao wake na kuuhifadhi.

La tatu halikuwa la kifundi. Laini za akina mama wengi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mume au cha mtoto. Jina linalorudi kutoka mtandao wa simu siyo la mwenye kadi. Ng'ombe ni wa mama, jasho ni la mama, fedha inatua kwenye laini iliyosajiliwa kwa mwingine. Nimekataa kuweka njia ya kulilazimisha jina lipite. Mfumo unaonyesha majina yote mawili, na kama hayafanani mwenye kadi lazima akubali mwenyewe mbele ya katibu na kusaini. Asipokubali analipwa taslimu. Tangu tumeanza hivyo, baadhi ya akina mama wamekwenda kusajili laini zao wenyewe.

Jambo la sheria lililoambatana na hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Kikundi ndicho mkusanyaji wa taarifa, mimi ni mchakataji, na wote tunatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tumeandika kwenye mkataba nani anaona nini, na orodha ya wafugaji siwezi kumpa muuza dawa wala mtu wa mikopo. Ameshakuja mmoja kuiomba, akiwa na bahasha. Jibu lilikuwa hapana.

2 Agosti: hesabu hadi sasa

Nilichotumia: BRELA 20,000, simu 360,000, kikoa 30,000, seva miezi sita 96,000, meseji za majaribio 100,000, nauli na bando 140,000. Jumla 746,000.

Kilichoingia: ada ya kufunga 570,000 baada ya zuio. Ada ya lita Mei 93,000, Juni 72,000, Julai 60,000 kwa kile kiwango cha chini, kwa kuwa nyasi zimekauka na maziwa yameshuka. Jumla 225,000, mkononi 213,750. Yote pamoja 783,750.

Kilichobaki ni 37,750, na hapo sijajilipa mshahara. Chakula changu miezi hii kimetoka kwenye kazi ndogondogo za kutengeneza kompyuta na kufunga mitandao maofisini, na anayefikiria kuiga ajiwekee akiba ya namna hiyo. Lakini gharama za kuanzia hazirudi tena, na kuanzia sasa seva ya 16,000 ndiyo mzigo mkubwa wa kila mwezi. Kikundi cha pili kitatumia seva hiyohiyo.

Na kikundi hicho kimeshapiga simu, cha upande wa Busokelo, baada ya kusikia habari ya kilo na lita kutoka kwa dereva. Wanapokea asubuhi na jioni, kwa hiyo lazima niongeze zamu. Bei niliyowapa ni ada ya kufunga 600,000 na shilingi 3 kwa lita, kiwango cha chini 60,000, simu wanunue wenyewe kwa aina nitakayowatajia. Kabla ya kusaini chochote nimewaomba kitu kimoja: nikae kituoni kwao asubuhi moja na jioni moja, niangalie wanavyopima. Wamekubali, naenda Jumanne.